Ndege Imeniacha: Kauli za Kitenzi Katika Safari za Majira ya Baridi

Yeyote aliyesoma sarufi ya Kiswahili amepigwa na kitenzi piga. Piga, pigia, pigwa, pigiwa, pigana, pigisha: tangu shule ya sekondari hadi kitivo cha lugha, watu wanapigana ubaoni ili sisi tuelewe kauli. Kitenzi hiki ni chepesi kukariri, lakini kina kasoro moja ya kufundishia. Ndani yake daima kuna mkono uliopiga. Mambo mengi yanayotupata maishani hayana mkono, na hapo ndipo mwanafunzi hukwama.

Katika makala haya napendekeza darasa lingine: safari ya ndege kutoka kwetu kwenda Ulaya, kati ya Desemba na Februari. Katika miezi hiyo mambo huharibika kwa mfululizo, moja likivuta lingine, na kila linaloharibika linadai kauli yake. Mifano nimeiokota kwa ndugu, majirani na wanafunzi wenzangu waliosafiri. Pale waliposema Kiswahili cha Lubumbashi, nimeacha maneno yao yalivyo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kuchagua kauli ya kitenzi ni kusema nani alifanya nini, na kwamba msafiri anaweza kupata au kukosa haki yake kwa herufi moja au mbili tu.

1. Kwanza majina: kipupwe, theluji, barafu, sakitu

Kamusi nyingi zinatupa neno kipupwe kwa majira ya baridi. Tahadhari. Kipupwe cha pwani ni miezi ya Juni hadi Agosti. Hata kwetu Lubumbashi, baridi inayotufanya tutoe makoti ni ya Juni na Julai, wakati wa kiangazi. Desemba kwetu ni mvua, joto na matope. Kwa hiyo msafiri anayeambiwa kwamba anakwenda Brussels "wakati wa kipupwe" anaweza kuelewa miezi mingine kabisa, na yule anayefungasha mizigo yake Januari anafungasha akitokwa na jasho. Jirani yetu mmoja aliingia ndani ya ndege akiwa amevaa malapa, koti likiwa ndani ya sanduku, na sanduku likiwa tumboni mwa ndege. Aliposhuka, hewa ilikuwa karibu na sifuri na sanduku lilikuwa bado njiani. Ni salama zaidi kusema "majira ya baridi ya Ulaya" na kutaja miezi.

Theluji na barafu nayo ni maneno yenye safari yao. Theluji imetoka Kiarabu, ambako thalj ni theluji na pia barafu. Barafu imetoka Kiajemi, ambako barf ni theluji. Kiswahili kilipokea maneno mawili yaliyokaribiana sana, kikayagawia kazi: theluji ni ile inayoanguka nyeupe na laini, barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Neno la tatu halisikiki sana kwetu: sakitu, yaani umande ulioganda. Ndege inaogopa yote matatu, hata sakitu nyembamba unayoweza kuikwangua kwa ukucha, kwa sababu bawa lenye uso uliokwaruzika haliinuliwi vizuri na hewa.

Asidhani mtu kwamba maneno haya ni ya wageni tu. Theluji ipo nchini mwetu. Kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, kina mita 5,109 na barafu ya kudumu, ingawa inazidi kupungua. Wakonzo wanaoishi kwenye miteremko hiyo wana neno lao, nzururu, linalosikika ndani ya jina Rwenzururu. Lugha ya Kibantu haikungoja ndege ili ipate jina la theluji.

2. Kuchelewa, kucheleweshwa

Tangazo la kwanza ambalo msafiri wa majira ya baridi hulisikia ni hili: ndege imechelewa. Tukichambue kitenzi hiki. Kuchelewa kimetokana na kucha, yaani kupambazuka. Kikaongezwa kiambishi cha kutendea, kisha -w- ya kutendwa. Maana yake ya asili ni kufikiwa na mapambazuko kabla hujamaliza ulilokusudia. Kina ndugu yake, kuchwewa, yaani kukutwa na machweo ukiwa bado njiani. Leo hatuoni tena alfajiri ndani ya kuchelewa, lakini abiria aliyelala juu ya viti vya chuma, kichwa chake kikiwa juu ya mfuko na viatu vyake vikiwa chini ya shingo ili visiibwe, huyo amechelewa kwa maana kamili ya neno. Kumekucha na yeye yuko palepale.

Sasa ongeza kiambishi cha kusababisha: kuchelewesha. Kisha cha kutendwa: kucheleweshwa. Linganisha:

Ndege imechelewa.
Ndege imecheleweshwa.
Ndege imecheleweshwa na theluji.
Wametuchelewesha.

Sentensi ya kwanza haimtaji mtu wala haimtafuti. Ya pili inakiri kwamba kuna kisababishi, lakini inakinyamazia. Ya tatu inakitaja. Ya nne inanyoosha kidole. Kifaransa cha viwanja vya ndege hupenda umbo la pili, «le vol est retardé», na wanaotafsiri huandika "imechelewa" bila kufikiri. Hapo kisababishi kimepotea mara mbili: kwanza kimenyamazwa, kisha kimefutwa.

Si haki, hata hivyo, kumshuku kila anayechelewesha. Mwanafunzi mwenzangu alipokuwa dirishani aliona magari yenye mikono mirefu yakiinyunyizia ndege maji ya rangi ya machungwa. Akamwambia jirani yake kwa hasira: "Sisi tunachelewa, na wao wanaosha gari!" Kumbe haikuwa kuosha. Ni glikoli iliyochanganywa na maji na kupashwa moto, kazi yake ikiwa kuyeyusha. Na dawa hiyo ina muda wake. Ukipita na theluji ikiendelea kuanguka, kazi inaanza upya. Tarehe 13 Januari 1982, mjini Washington, ndege ya Air Florida ilinyunyiziwa dawa, kisha ikasubiri chini ya theluji karibu dakika 50, halafu ikaruka bila kunyunyiziwa tena. Iligonga daraja na kuanguka ndani ya mto Potomac. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa darajani. Tangu nilipoisoma habari hiyo, nikisikia "tunacheleweshwa na wanaoyeyusha barafu", nasema na wachukue muda wao.

Angalia pia jozi zilizomo humo: bawa limeganda, hakuna aliyeligandisha, barafu imeyeyuka kwa jua, au imeyeyushwa kwa dawa. Kitenzi chenye -k- cha kutendeka hutosheka na tukio lenyewe. Chenye -sh- hutaka mwenye kazi.

3. Kuishiwa, kunyeshewa, kuangukiwa: kauli ya aliyepatwa

Tunafika kwenye utajiri mkubwa wa Kiswahili, ambao Kifaransa cha darasani hakina. Chukua kitenzi kisichohitaji yambwa, kama isha, nyesha, anguka, fa. Kipe kiambishi cha kutendea, kisha cha kutendwa. Unapata ishiwa, nyeshewa, angukiwa, fiwa. Anayekuwa kiima cha sentensi ni mtu ambaye hakufanya lolote, na pengine hakuna aliyemfanyia lolote kwa kusudi. Amepatwa tu. Aliyefiwa hakuuawa mtu wake, wala yeye hakuua. Kifo kimekuja, na sarufi inamweka yeye mbele kwa sababu maumivu ni yake.

Majira ya baridi hutoa mifano hadi mtu achoke. Msafiri ameangukiwa na theluji. Simu imemzimikia, kwa sababu betri haipendi baridi. Vidole vimemfia ganzi. Ameishiwa na fedha za kula, kwa kuwa alikadiria kulala usiku mmoja, akalala mitatu.

Na si watu tu wanaoishiwa. Desemba 2010 theluji nyingi iliangukia Ulaya ya magharibi. Tarehe 18 uwanja wa Heathrow, London, ulifungwa. Tarehe 20 uwanja wa Brussels uliishiwa na dawa ya kuyeyushia barafu, ndege zikabaki chini. Mkesha wa Noeli uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, nao ukakaukiwa na glikoli, na abiria wengi wakalala humo usiku huo. Sasa mwanafunzi wa isimu aulize: je, kuishiwa ni kitenzi kinachofaa hapa? Theluji haikuwa na mkono, ilianguka. Lakini pipa la dawa lina mtu anayelijaza na mtu anayelihesabu. Uwanja ukisema "tumeishiwa", unajiweka kwenye kundi la waliopatwa, pamoja na bibi aliyelala sakafuni. Sarufi inaruhusu. Msikilizaji makini ana haki ya kubadili kauli na kuuliza: nani hakununua ya kutosha?

4. Ndege imeniacha

Kwa Kifaransa, aliyefika mlangoni ndege ikiwa imeondoka husema «j'ai raté l'avion». Kitenzi hicho ni cha mwindaji aliyekosa shabaha: kosa ni la mpigaji. Kwa Kiswahili, toka pwani hadi kwetu, tunasema ndege imeniacha. Huku kwetu utasikia "ndeke ilituachaka", na hiyo k ya ndeke na -aka ya mwisho ni alama za Kiswahili chetu ambazo wasomaji wa jarida hili wanazijua. Kinachonivutia ni kiima. Ndege ndiyo iliyotenda. Mimi ni niliyeachwa, kama mke, kama yatima.

Wengine hucheka kwamba ni namna ya Waafrika ya kukwepa lawama. Sikubaliani. Fikiria msafiri aliyetoka Lubumbashi kwa wakati, akateremka katika uwanja wa kuunganisha safari, ndege yake ya kwanza ikiwa imekawia saa tatu kwa sababu ya theluji ya huko ilikotoka. Anakimbia kwenye korido ndefu akiwa na mtoto mgongoni na makoti mawili mwilini, kwa kuwa sanduku lake lilizidi kilo 23 na koti lililovaliwa halipimwi. Anafika, mlango umefungwa. Nani amemkosa nani? Yeye hakukosa shabaha. Ameachwa. Kiswahili kimesema kweli, na Kifaransa kimemsingizia.

Lakini kauli hiyohiyo hutumiwa na aliyekuwa anakunywa bia nje hadi dakika ya mwisho. Naye husema ndege imemwacha. Sarufi haina polisi.

5. Sanduku: limepotea, nimepotelewa, limepotezwa

Nilijifunza uzito wa jambo hili kwa mama mdogo wangu, aliyesafiri mwezi Januari kwenda Ubelgiji, binti yake alipojifungua. Alichukua sanduku moja kubwa jeusi, lililofungwa kwa kamba ya rangi ya majani, ndani yake vitenge vya mtoto, ndagala wakavu na unga. Alifika, sanduku halikufika. Kwenye dirisha la mizigo alionyeshwa karatasi yenye picha za masanduku ya kila umbo, achague lililofanana na lake. Akajibu: "Ni kama lile la pili, lakini la kwetu lina kamba." Kamba haikuwemo kwenye picha.

Aliponisimulia kwa simu alitumia kauli tatu bila kujua. Siku ya kwanza: "Mwanangu, valizi ilipotea." Siku ya tatu: "Nimepotelewa na vitu vya mtoto." Siku ya sita, baada ya kununua koti, viatu vya theluji na blanketi: "Bale bantu balipoteza valizi yangu!" Hatua kwa hatua alitoka kwenye tukio, akapita kwenye uchungu wake, akafika kwa mtenda. Kitabu cha sarufi kisingepanga vizuri zaidi.

Sanduku lilifika siku ya tisa, gurudumu moja limevunjika, ndagala wakiwa wamejitambulisha kwa mtaa mzima. Mkwe wake akamwandikia barua ya madai kwa Kifaransa, na sentensi ya kwanza ilikuwa «j'ai perdu ma valise». Shirika lilimjibu kwa adabu kwamba linamhurumia kwa kupoteza sanduku lake. Soma tena: yeye ndiye aliyepoteza. Mama mdogo alinisomea jibu hilo, akaniuliza: "Wewe si ndiye unasomea maneno? Nilipoteza mimi?"

Tuliandika upya. Tuliweka kila kitenzi mahali pake: sanduku lilikabidhiwa kwenu tarehe fulani, na namba ya karatasi yake ni hii, halikuletwa hadi tarehe fulani, lilirudishwa likiwa limevunjwa gurudumu, kwa sababu hiyo nililazimika kununua vitu hivi, na stakabadhi ni hizi. Hakuna "nilipoteza" hata moja. Baada ya majuma kadhaa alirudishiwa bei ya koti, viatu na blanketi. Gurudumu walisema halionekani kwenye picha yake, na ndagala hawakujadiliwa.

6. Kauli na haki

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu usafiri wa kimataifa wa anga, unatenganisha mambo hayohayo ambayo viambishi vyetu vinatenganisha. Mzigo uliosajiliwa ukiwa mikononi mwa shirika, shirika linawajibika kwa kupotea au kuharibika kwake. Usipofika ndani ya siku 21 tangu siku ulipotakiwa kufika, unahesabiwa kuwa umepotea. Ukifika ukiwa umeharibika, malalamiko ya maandishi yapelekwe ndani ya siku 7 tangu uupokee. Ukiwa umecheleweshwa tu, ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Chelewa, potea, haribika: vitenzi vitatu, muda tofauti. Anayeandika "limepotea" kwa sanduku lililocheleweshwa anajichanganyia hesabu mwenyewe.

Kwa safari zinazoanzia ndani ya Umoja wa Ulaya kuna pia kanuni nambari 261 ya mwaka 2004. Inataja fidia ya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, kwa safari iliyofutwa bila taarifa ya mapema. Lakini shirika likithibitisha kwamba sababu ilikuwa nje ya uwezo wake, kama hali mbaya ya hewa, halilipi fidia hiyo. Hata hivyo, na wengi hawalijui hili, theluji haifuti wajibu wa kumtunza abiria anayesubiri: chakula, na mahali pa kulala ikibidi kulala. Kwa lugha yetu: ukinyeshewa, hakuna wa kushtakiwa, lakini aliyekupokea mlangoni hawezi kukuacha na njaa kwa kisingizio cha mvua.

Kwa hiyo sisemi kwamba msafiri amlaumu kila mtu. Nasema atenganishe. Theluji imeanguka: kauli ya kutenda, hakuna mwenye kosa. Nimeangukiwa na theluji: mimi ndiye niliyepatwa, nastahili pole. Nimenyimwa chakula: hapa kuna mtu aliyenyima. Anayechanganya hizi tatu ama anapigana na mawingu, ama anawasamehe watu ambao hawajaomba msamaha.

Kazi hii ni yetu, wanafunzi wa lugha za Afrika. Ndugu zetu wanasafiri, wanaumia kwa Kiswahili na wanadai kwa Kifaransa. Katikati ya lugha hizo mbili kauli ya kutendewa hudondoka kama glavu, na hakuna anayeiokota.

7. Mazoezi

(a) Tafsiri kwa Kifaransa bila kumgeuza aliyepatwa kuwa mtenda: Ndege ya kwanza ilituchelewesha, ya pili ikatuacha.

(b) Eleza tofauti ya maana: mlango umefungwa, mlango haufunguki, tumefungiwa mlango. Ni ipi utakayomwambia mfanyakazi wa uwanja, na ni ipi utakayomwambia mama yako kwenye simu?

(c) Unda kauli ya kutendewa, kisha utunge sentensi moja ya safari: zima, kauka, haribika, lala.

(d) Uwanja umetangaza: "Tumeishiwa na mablanketi." Andika upya tangazo hilo kwa kauli inayomtaja mwenye wajibu. Kisha lisome kwa sauti mbele ya wenzako, uone kama lingeweza kutangazwa.

(e) Muulize mzee mmoja nyumbani kwenu jinsi ndege, gari au treni ilivyowahi kumwacha. Andika vitenzi vyake vyote kama alivyovitamka, bila kuvisanifisha. Pigia mstari kila mahali anapojitaja kuwa mtenda, na kila mahali anapojitaja kuwa aliyepatwa. Majibu yaletwe darasani pamoja na jina la lugha yake ya kwanza.